Karo ya Nanjala, Jeneza la Lazarus

Kufuli ya tatu ililia ka! na kifuniko cha sanduku kikainuka.

Hapo ndipo tulipomwacha Joash: magoti chini, jasho shingoni, na waombolezaji wamejaza nyumba ya marehemu Lazarus hadi wengine wanachungulia dirishani kama watu waliokosa tikiti ya sinema. Na wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa nyama buchari kabla hujafika ukurasa huu, pole, hujapotea. Sanduku hilo la bati lilikuwa la Chama cha Wana Malakisi wa Nairobi, na Joash ndiye mweka hazina wake. Kila mwezi kila mtu alitia shilingi zake, na pesa hizo zilikuwa na kazi moja tu: mwenzao akifia mjini, asifukiwe huku kama mtu asiye na kwao. Arudishwe akalale nyumbani.

Lazarus alikuwa mwenyekiti wa chama. Lazarus ndiye aliyefia mjini.

Na ndani ya sanduku mlikuwa na mende mmoja.

Mende akapanda ukingoni, akawatazama watu, akakimbia.

"Huyo ndiye mweka hazina wetu," sauti ikasema dirishani. Hakuna aliyecheka.

Peres, mjane, alikuwa amekaa mkekani, leso kichwani, macho yamevimba. Nyumba hiyo ndogo ya wafanyakazi, nyuma ya Jamhuri Park, ilikuwa ya mumewe kwa sababu alikuwa mlinzi wa uwanja wa maonyesho. Sasa mume hayupo, na nyumba itatakiwa. Lakini hilo halikuwa shida yake leo.

"Baba Nanjala," akamwambia Joash taratibu, "pesa ya kumpeleka mwenzako iko wapi?"

Joash akaingiza mkono sandukuni, akapapasa bati tupu.

Sikiliza vizuri hapa. Sanduku la Wana Malakisi lilikuwa na kufuli tatu na funguo tatu. Mmoja alikaa na mwenyekiti Lazarus, mmoja na mweka hazina Joash, na wa tatu na mwandishi wa chama, Shem. Ilipangwa hivyo makusudi, ili mtu mmoja asiweze kuiba hata akitaka. Basi kama pesa zilitoka, zilitoka watu watatu wakiwa wamesimama hapo.

Joash akamgeukia Shem. "Shem, waambie. Tulikuwa watatu."

Shem alikuwa amevaa suti nyeusi ya kuazima na uso wa huzuni ambao pia ulionekana wa kuazima. "Mimi? Mimi niwaambie nini? Marehemu alikuja kwangu akaomba ufunguo, akasema anataka kutia kufuli mafuta. Mwenyekiti wako akikuomba ufunguo utamnyima? Sasa kama yeye na Joash walipanga mambo yao..."

"Usimtaje mume wangu!" Peres alipiga yowe lililowainua hata walioko nje kwenye viti. "Hajazikwa, Shem! Hajazikwa na wewe unamwita mwizi!"

Vilio vikapasuka nyumba nzima. Shem akainamisha kichwa, na chini ya ile huzuni ya kuazima Joash akaona tabasamu. Shem alikuwa amemfunga kamba barabara. Joash akisema ukweli, kwamba Lazarus alikubali pesa zitolewe, atakuwa amemtukana maiti mbele ya mjane wake, kwenye matanga yake. Kwao mtu hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo, siku yake ikifika hubebwa na mbwa.

Na Lazarus alikubali! Joash alimsikia kwa masikio yake mawili, akicheka na ufunguo mkononi: "Sanduku linalozika tu, bwana, siku moja litatuzika sote. Acha lizae mara moja."

"Ni mimi," Joash akasema.

"Sema kwa nguvu!"

"Ni mimi! Nilichukua mimi peke yangu. Nilimlipia Nanjala karo."

Kisha shangazi mmoja mnene, aliyekuwa na jukumu la chai, akaweka birika chini. "Karo ya nini? Msichana si alimaliza shule?"

"Ya chuo, dada. Pale Ngara. Anasomea kupiga taipu na shotihendi, ile hati ya mkato."

"Ngapi?"

"Mia tisa. Nimelipa kwa mafungu mwaka mzima, la mwisho mwezi huu, na mtihani ndani yake."

"Mia tisa!" Shangazi alijishika kiuno. "Shilingi mia tisa kufundishwa kugonga-gonga! Wangu anagonga sufuria tangu asubuhi na sijalipa hata senti!"

Hapo kicheko kilitoka, kile kicheko kibaya cha matangani kinachokuja na machozi yake. Joash alikiona kama mlango ulioachwa wazi kidogo, akajitosa.

"Nisikilizeni. Wahindi wanahama, ofisi zinatafuta makarani Waafrika kila siku. Msichana asiye na cheti anapewa mia moja na themanini kwa mwezi, na aamkiwe kwa matusi. Akienda kuwa yaya Kileleshwa, anapewa sitini na makombo. Mwenye cheti cha Uingereza anaanzia mia tano! Mia tano, jamani! Miezi minne pesa ya chama imerudi yote, na ya juu. Halafu tunapeleka mtoto wa mwingine, na wa mwingine. Mtihani ni Jumatatu. Keshokutwa tu!"

"Na majibu?" mzee mmoja akauliza.

"Majibu... yanatoka Uingereza. Miezi miwili hivi."

"Kwa hiyo Lazarus akae kwenye barafu angoje barua ya Mzungu."

"Mzee wangu, mimi nasema tu..."

"Maiti haingoji mshahara, Joash."

Tangazo lilikuwa limekwisha pita redioni, nchi nzima ikasikia: mazishi Jumanne, Malakisi. Kule nyumbani ng'ombe alikuwa amechaguliwa na ukoo umeanza kukusanyika. Gari lazima litoke Nairobi Jumatatu alfajiri.

Shem alisimama, akanyoosha koti la watu. "Basi mimi kama mwandishi nasema hivi. Jumatatu alfajiri pesa iwe hapa. Isipokuwa hapa, mimi na wazee tunaenda polisi. Na tutamwambia na mwajiri wako, yule wa kupaka rangi, ajue anamtuma mtu wa namna gani kwenye nyumba za watu."

Joash alitoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemuaga.

* * *

Ngara siku ya Jumamosi ni kelele tupu, lakini Joash alipita katikati ya wauza mablanketi na vitambaa kama kiziwi. Alipanda ngazi mbili mbili. Juu ya duka moja la jumla, nyuma ya kibao alichokipaka rangi yeye mwenyewe kwa bei nafuu, kilikuwako Chuo cha Biashara cha Nyota: vyumba viwili, mashine kumi na mbili, na ofisi iliyotengwa kwa mbao nyembamba.

Wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya mwisho. Vidole vyao vilikuwa vimefunikwa na kitambaa ili wasizione herufi, macho yote mbele. Nanjala alikaa kwenye mashine ya kwanza kutoka dirishani, na mashine yake haikulia ka-ka-ka kama za wenzake. Ilikuwa inanguruma mfululizo, kama mvua juu ya mabati.

Hakumwona baba yake. Joash akashukuru.

Mkuu wa chuo, Bwana Zachariah, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa tai pana na kalamu tatu mfukoni. "Mzee Joash! Binti yako, huyo, nakwambia, atakuwa wa kwanza Nairobi."

"Mwalimu, nataka pesa yangu."

Tabasamu la Zachariah lilibaki, lakini macho yakaondoka. "Pesa gani?"

"Karo. Nusu tu. Robo tu. Nina maiti chumba cha barafu, mwalimu, nimeshikwa kooni."

"Pole. Pole sana." Zachariah alifunga mlango. "Lakini karo ikishaingia chuoni, mzee, ni chumvi kwenye mchuzi. Utaitoa na kijiko gani? Mwenye jengo anataka kodi yake. Mashine hizi sijamaliza kuzilipa. Ada ya mtihani ilipanda ndege zamani. Na mwenzako Shem alikwisha kula hamsini yake."

"Shem? Hamsini ya nini?"

"Ya kuniletea mwanafunzi. Hukujua? Kila anayeniletea mwanafunzi nampa kitu kidogo. Shem ameniletea watano."

Joash alikaa bila kukaribishwa. Basi Shem ndiye aliyekuja nyumbani kwake na karatasi ya chuo, akiwasifia yeye na Lazarus kazi za maofisini, tena Shem ndiye aliyekuwa na haraka ya kufungua sanduku. Hamsini. Ameuza watu wawili, mmoja hai na mmoja maiti, kwa bei ya jozi ya viatu.

Zachariah akavuta kiti karibu. Sauti ikashuka.

"Mzee. Kuna njia."

"Iseme."

"Unamwona yule msichana wa mwisho kule nyuma, anayechana nywele?"

Joash alichungulia ufa wa mbao. Msichana mzuri, mnene kidogo, saa ya dhahabu mkononi. Mashine yake ilikuwa kimya.

"Nyakio. Baba yake ni Mungai, mwenye malori, anakaa Kileleshwa. Mwaka huu wote yule mtoto amesomea sinema ya mchana. Vidole vyake, Mungu anisamehe, ni michi. Lakini kuna kiti kinamngoja kwenye ofisi kubwa pale mjini, mjomba wake amekishika. Kinataka cheti tu."

"Inanihusu nini mimi?"

"Wasichana hawana vipande vya kitambulisho, mzee. Wanaume wana vipande, wana alama za vidole. Msichana ana nini? Ana jina tu. Msimamizi wa mtihani anatoka nje, hamjui hata mmoja. Ataita jina, msichana atainuka, atakaa, atapiga taipu." Zachariah alipapasa kalamu zake. "Liitwe jina la Nyakio, ainuke Nanjala. Mungai atakuzikia mtu wako kama mfalme."

Joash alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. "Na jina la Nanjala likiitwa?"

"Halitajibiwa. Hakuja. Aliugua. Atafanya mtihani wa mwisho wa mwaka."

"Kwa karo gani?"

Zachariah alitazama dari. "Hilo tena ni la Mungu."

Joash alisimama, kiti kikaanguka. "Umesoma mpaka ukaoza, mwalimu," akasema, akashuka ngazi.

* * *

Ungemwona Jumamosi hiyo ungelia. Alikwenda kwa mwajiri wake, akaambiwa mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Alikwenda kwa mchungaji, wakaomba pamoja, na mchungaji akampa shilingi kumi na nauli. Alikwenda kwa mkopeshaji mmoja wa River Road, akaulizwa ana nini cha kuweka rehani, akasema ana brashi zake za rangi. Mkopeshaji alicheka hadi akakohoa.

Jumapili baada ya ibada miguu yake ilimpeleka Kileleshwa yenyewe, bila kumuuliza.

Mungai alikuwa bustanini akimwagilia maua kwa mpira. Hakushangaa kumwona. "Zachariah alinipigia simu," akasema. "Karibu, mzee. Pole kwa msiba. Umekunywa chai?"

"Sijaja kunywa chai, bwana."

"Msiba haukatazi chai." Akapiga makofi, chai ikaja, na mkate wenye siagi. Joash, ambaye tumbo lake halikuwa limeona kitu tangu jana yake, alikula huku anajichukia.

"Niliuza ndizi soko la Ngara mimi," Mungai akasema, "bila viatu. Sasa nina malori sita na pampu ya petroli Nakuru. Lakini nikiingia ofisini kwa Mzungu, karani wake ananiambia kaa pale, ngoja. Msichana wa mia tano kwa mwezi ananiambia mimi ngoja! Nikasema, siku moja anayewaambia watu wangoje atakuwa mtoto wangu." Akafunga mpira. "Mimi sitoi pesa mkononi mwa mtu. Pesa ina miguu. Nitatoa gari yangu, na dereva wangu Jamleck, na petroli ya kwenda na kurudi, na jeneza zuri, si lile la mbao za masanduku ya sabuni. Mtu wako atafika kwao watu wakisimama kando ya barabara."

Nyakio alitokea mlangoni na gazeti la picha. "Baba, mimi sitaki hata hiyo kazi. Kukaa kwenye kiti mpaka jioni!"

"Nani amekuuliza?"

Msichana akarudi ndani. Joash aliweka kikombe chini.

"Nikikubali," akauliza, "gari inatoka lini?"

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, chumba cha maiti."

Kwa upande mmoja akaweka mia tano kwa mwezi, miaka na miaka, paa la mabati kwa mama Nanjala kule Malakisi, karo ya wadogo wake watatu. Kwa upande mwingine akaweka mtu mmoja aliyelala kwenye barafu, ambaye hatapata hata senti duniani tena. Ungempa mwanafunzi wa darasa la nne hesabu hiyo angekupa jibu. Lakini mwanafunzi wa darasa la nne hakumsikia Peres akilia.

"Sawa," Joash akasema.

* * *

Chumba chao cha kupanga kilikuwa nyuma ya majengo ya Ngara. Nanjala alikuwa amekaa kitandani, amefumba macho, akipiga taipu kwenye ukingo wa meza isiyo na kitu. Hakuwa na mashine nyumbani, kwa hiyo alifanyia mazoezi meza mwaka mzima, hadi rangi yake ikatoka.

Joash alimwambia yote. Hakuketi, alisema akiwa wima, akiangalia ukuta. Sanduku, mende, Shem, Mungai, gari, jina. Alisema haraka kama mtu anayetapika.

"Ni mtihani mmoja tu, mama," akamalizia. Alimwita mama kwa sababu binti alibeba jina la mama yake Joash. "Mwisho wa mwaka utafanya wako. Tutatafuta. Mimi nitapaka rangi hata usiku."

Vidole vya Nanjala vilikuwa vimesimama juu ya meza. Alimtazama baba yake, kisha akatazama chini.

Hakusema kitu.

Joash alingoja. Moyo wake ukatulia polepole. Dada mkubwa wa Nanjala alipoulizwa mbele ya wazee kama anamkubali yule kijana wa Kimilili, alitazama chini vivyo hivyo, hakusema kitu, na wazee wakapiga makofi na ng'ombe wakaingia boma. Kwao msichana hapigi kelele ya ndiyo. Akinyamaza, amekubali.

"Asante, mwanangu," akasema, akatoka kwenda kuwaambia watu wa matanga kwamba gari limepatikana.

* * *

Jumatatu alfajiri nje ya chumba cha maiti hapakutosha watu. Gari la Mungai lilikuwa safi, jeneza liling'aa, na Jamleck dereva alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye kioo. Wale wale waliomzomea Joash juzi sasa waligombea kumshika mkono.

"Nilisema mimi!" shangazi wa birika alitangaza. "Nilisema Joash si mtu wa kutupa mtu wake!"

"Ulisema lini?" mtu akamuuliza.

"Nilisema moyoni!"

Shem alikuwa wa kwanza kupanda nyuma, na suti yake. Alikwepa macho ya Joash. Peres alikaa mbele na dereva, akatoa mkono dirishani, akaushika wa Joash kwa nguvu.

"Umetutoa aibu, shemeji. Mungu atakulipa kupitia kwa huyo mtoto wako."

Nyimbo zikaanza, gari likaondoka, na yeye akakata mji kwa miguu, mbio nusu, kuelekea Ngara. Alitaka awe karibu na Nanjala asubuhi hiyo. Angalau amwone akiinuka.

Ilipofika saa tatu, kwenye ujia wa chuo wazazi wachache walikuwa wamesimama kimya kama kanisani. Mungai alikuwepo, koti la mistari, fimbo mkononi. Walisalimiana kwa macho. Nyakio hakuonekana, alikuwa ameachwa nyumbani kulala. Kupitia kioo cha mlango Joash aliwaona wasichana wamepanga mstari ukutani na msimamizi, mama mmoja Mzungu mrefu mwenye miwani, akishika karatasi ya majina. Kila jina lilipoitwa, msichana alikwenda kwenye mashine yake.

"Nanjala Joash!"

Joash alifumba macho. Sasa kimya. Sasa wataandika kwamba hakuja, na mwaka mzima wa meza tupu utakwenda na maji.

"Nipo, madamu."

Alifumbua. Nanjala alikuwa ametoka mstarini, sketi imepigwa pasi, kichwa juu. Alitembea hadi mashine ya kwanza kutoka dirishani, akaketi, akaweka mikono chini ya kitambaa. Hakutazama mlangoni hata kidogo.

"Nyakio Mungai!"

Hakuna aliyejibu.

"Nyakio Mungai?"

Zachariah, aliyekuwa amesimama nyuma ya msimamizi, alianza kugeuka rangi. Msimamizi akaita mara ya mwisho, akapiga mstari kwenye karatasi, akaendelea na jina linalofuata.

Joash hakuthubutu kugeuza shingo. Alisikia fimbo ikigonga sakafu, ko, ko, ikija upande wake. Alitegemea ngumi, alitegemea matusi. Mungai aliongea kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Mzee, ile gari imefika wapi sasa?"

"Bwana Mungai, nakuapia kwa Mungu, mimi nilimwambia, alinyamaza, kwetu..."

"Nimekuuliza imefika wapi."

"Sijui. Labda Naivasha. Labda imepita."

"Jamleck hana labda. Saa hii yuko kwenye pampu yangu Nakuru, anatia petroli." Mungai alisukuma mlango wa ofisi ya Zachariah kwa ncha ya fimbo, akainua simu iliyokuwa mezani. "Halo? Nipe Nakuru."

Joash alimfuata akipiga magoti, akashika pindo la koti lake. "Bwana, ni maiti! Kuna mjane ndani! Ukoo mzima unangoja njiani! Nitakulipa, nitakupakia nyumba yako rangi miaka kumi, malori yako yote..."

"Tulipatana maiti kwa cheti. Mimi nimetoa maiti." Kwa bahati ya wenye pesa, laini ya simu ilikuwa wazi. "Halo. Ni mimi. Jamleck yuko hapo? Mwambie ageuze gari arudi Nairobi. Ndiyo, na mzigo wake. Aurudishe pale alipoutoa."

Ndani ya chumba cha mtihani msimamizi alikuwa akisoma masharti. Joash aliuona mlango ule, hatua chache tu. Bado angeweza kuingia. Bado angeweza kumshika Nanjala mkono mbele ya Mzungu, amwambie jina lako si hilo, simama, useme jina jingine.

Mungai alisoma hayo yote usoni mwake. Akasikiliza simu, akaguna, akamnyooshea chombo. "Kuna mtu anataka kusema na wewe."

Joash alikiweka sikioni. Mlio wa upepo, honi ya lori, kisha sauti ya Peres, karibu kabisa, kama yuko naye chumba kimoja.

"Shemeji? Shemeji, ni wewe? Huyu dereva anageuza gari. Anasema ni wewe umeharibu maneno. Mwambie si kweli. Watu wanashuka, Shem ametoroka, nimebaki na mzee wangu jenezani, peke yangu. Shemeji, niambie nimwambie nini?"

Upande wa pili wa ukuta wa mbao msimamizi akasema neno moja, na mashine zote zikaanza kulia kwa pamoja. Moja ilikuwa inazipita zote, inanguruma bila kupumua, na Joash, simu sikioni, alijua ni ya nani.